Mkungu wa Mlangoni

Mke wa Brashi alikuwa akimzunguka mwanamume mwingine katikati ya mtaa, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu, na Brashi mwenyewe alikuwa ng'ambo, juu ya ngazi, akiandika ubao wa kinyozi. Alikuwa amefika kwenye neno "sura". Herufi ya kwanza ikamponyoka, ikatoa mkia mrefu kama wa panya.

"Fundi, hiyo umeandika sura au nyoka?" Kinyozi aliuliza kutoka chini, mikono kiunoni.

Brashi alikuwa na fahari kubwa na mbao zake. Hakuandika tu jina la duka kama mafundi wengine; alilitungia maneno. Ubao huu ulisema: Njoo na msitu wako, uondoke na sura yako. Watu wangekuja kwa Kinyozi kunyolewa, lakini wangesimama kwanza nje kumsoma Brashi, na yeye akiwa dukani kwake, upande wa pili wa barabara, angewatazama midomo ikicheza na roho yake ingejaa. Siku hiyo, hata hivyo, macho yake hayakuwa ubaoni.

Mkewe alikuwa mpangaji wa miji. Kazi yake ilikuwa kuamua miti ipandwe wapi katika mitaa ya wilaya, mabenchi yakae wapi, watoto wachezee wapi, na maji ya mvua yapite wapi. Mwaka huo alikuwa amepewa mtaa wenye duka la mumewe. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kabla ya kuchora mstari wa mwisho kwenye karatasi, alichora kwanza ardhini, kwa chokaa, kivuli ambacho kila mti ungekitoa siku utakapokuwa mkubwa. Mtu mmoja husimama pale shina litakapokuwa, amefungwa kitanzi cha kamba kiunoni. Mwingine hushika ncha ya pili ya kamba na kopo la chokaa lililotobolewa, kisha huzunguka, chokaa ikidondoka, mpaka duara likutane. "Ramani watu hawaisomi," alipenda kusema, "lakini kivuli kila mtu anakisoma."

Shina la siku hiyo lilikuwa Mpimaji wa ofisi yao, kijana mrefu ambaye wenzake walimwita Mlingoti. Shati lake halikujua mkunjo. Mke wa Brashi alimfunga kitanzi kiunoni, akakivuta kidogo kuhakikisha kimekaa, akaanza kuzunguka.

"Naona shemeji leo kapata mti wa kuegemea," alisema Kinyozi.

"Nyoa nywele, wewe. Mengine yaache."

"Ndiyo kazi yangu. Nanyoa nywele, akili za mtu sizigusi. Yako naona imeshaanza kupukutika yenyewe."

Kilichomkata Brashi maini ni kwamba shina lile lingekuwa yeye. Usiku uliotangulia mkewe alikuwa amemwomba, wakila: "Kesho njoo unisaidie, bwana. Usimame tu katikati, mimi nizunguke." Naye alikuwa amesema, "Mwanamume mzima, tena msanii, nisimame barabarani niwe mti?" Mkewe alikuwa ametabasamu kidogo, akaendelea kula. Sasa mti ulikuwa umepatikana, na ulikuwa na mabega mapana.

Walifanya hivyo mtaa mzima, duara baada ya duara. Mwisho walifika mbele ya duka la Brashi mwenyewe. Hapo kamba iliongezwa urefu. Mlingoti alisimama hatua chache kutoka mlangoni, akatazama chini, akatazama juu, akasema jambo. Brashi hakulisikia. Alichokiona ni mkewe akiangua kicheko. Hakikuwa kile kicheko cha adabu cha mbele ya wakwe. Kilikuwa cha mbavu, cha kumpinda mtu mgongo. Alicheka mpaka kopo likamtoka mkononi na chokaa ikamwagika, ikaacha doa kubwa jeupe palepale kwenye mstari wa duara.

Baada ya hapo mkewe alichukua kipaza sauti akautangazia mtaa. Aliwaambia kwamba kila duara ni mti mmoja, na miche ya mtaa imeshagawiwa, haitaongezwa. Maduara yatakaa mpaka kesho alasiri. Asiyeutaka mti mbele ya mlango wake asigombane na mtu wala asipige kelele: alifute duara kwa mkono wake mwenyewe. Duara lililofutwa ni mti uliokataliwa, nao utapewa wa kwanza kuuomba.

Mtaa mzima ulisikia. Brashi alikuwa ngazini, umbali wa kutupa jiwe, lakini alichokuwa akifuatilia ni mkono wa Mlingoti ukifungua kitanzi kiunoni, polepole, kama mtu asiyetaka kukifungua.

*

Jioni mkewe alitandaza ramani mezani, akaizuia pembe zake kwa vikombe. Brashi alikaa upande wa pili. Swali lilikuwa limemkaa kooni tangu mchana: ulikuwa unacheka nini? Ni swali dogo. Mtoto angeliuliza. Lakini Brashi aliona kwamba akiliuliza, atakuwa ameshakiri kwamba anaumwa, na yeye hakuwa mtu wa kuonyesha kidonda.

Akainamia ramani. Ilikuwa nzuri, hilo hakuweza kulikataa, naye alijua kuchora. Mwisho wa mtaa, pale palipokuwa na jalala, mkewe alikuwa ameweka kiwanja kidogo chenye mabenchi ya nusu duara na bomba la maji ya kunywa. Na chini ya mti mmoja, kwenye benchi, alikuwa amechora watu wawili wadogo kama njiti. Mmoja wa kike. Mwingine wa kiume, mrefu.

"Huyu nani?"

"Yupi?"

"Huyu mrefu."

Mkewe alitazama. "Huyo? Ni mtu wa kupimia tu, bwana. Mchoro bila mtu hujui benchi lina ukubwa gani."

"Na lazima awe mrefu?"

"Angekuwa mfupi ungeuliza mbona mfupi."

"Na huyu wa kike karibu yake naye anapima nini?"

Mkewe aliweka kalamu chini. "Una nini leo?"

"Sina kitu."

"Watu wa kwenye ramani hawana majina, mume wangu. Nimechora mamia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisalimia."

Alisema hivyo kwa mzaha, akingoja acheke. Brashi alikwenda kulala, akageukia ukuta, na ukutani akawaona wale wawili wamekaa kwenye benchi lao, wamestarehe, hawana haraka.

*

Asubuhi mkewe aliondoka mapema kwenda ofisini. Brashi alifungua duka, akatoa mbao zake nje, na kitu cha kwanza alichokiona ni doa.

Duara lote lilikuwepo, kubwa kuliko mengine yote mtaani, limeanzia ukutani mwake likaenda mpaka karibu na katikati ya barabara. Lakini yeye hakuliona duara. Aliliona doa lile la chokaa, pale kopo lilipoanguka. Kicheko cha mkewe kilikuwa kimeandikwa mlangoni kwake kwa rangi nyeupe, naye, mwandishi wa mtaa mzima, hakujua kinasema nini. Wapita njia walikuwa wakilikanyaga na kwenda zao. Yeye alilizunguka kana kwamba lina moto.

Alijaza ndoo. Akamwaga. Chokaa ikawa uji. Akachukua ufagio mgumu, akasugua doa mpaka likaisha. Na lilipoisha akaona mstari wa kushoto bado unaelekeza pale lilipokuwa, na wa kulia nao hivyohivyo, akasugua kushoto, akasugua kulia. Akajaza ndoo ya pili. Alipoinuka, jasho likimtoka, mbele ya duka lake palikuwa patupu kama kiganja.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa mama mshonaji, mtu mzima, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. Alikuwa ameacha cherehani, amesimama mlangoni na sindano mdomoni.

"We Brashi! Umeukataa?"

"Nimeosha mlango wangu, Shangazi. Kuna sheria inakataza mtu kuosha mlango wake?"

"Sheria ipo, mwanangu. Jana hukuisikia? Mkeo alisema..."

"Mke wangu hunisemesha nyumbani. Sihitaji mkalimani."

Shangazi akatoa sindano mdomoni. "Haya. Jana ulikuwa unasikiliza kwa macho. Wivu ni kidonda, baba, nawe unakikuna." Akarudi kwenye cherehani yake, na kwa muda mrefu ikasikika ikikimbia bila kupumzika, kama mtu anayesema peke yake.

*

Saa tisa alasiri ndiyo saa ambayo mtaa ule ulikuwa mgumu. Duka la Brashi lilitazama machweo, na kuanzia saa nane jua liliingia mlangoni bila hodi. Rangi mbichi ilifanya malengelenge kwenye mbao. Brashi mwenyewe alifanya kazi amefumba jicho moja, na jioni nyingi alirudi nyumbani kichwa kikimgonga. Mkewe ndiye aliyekuwa akimwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Hakuwahi kulalamika, wala kumuuliza mumewe kwa nini asihame.

Saa hiyo ndiyo mkewe aliyokuja siku ile, ubao wa kubania karatasi mkononi, Mlingoti nyuma yake na kamba begani, na watu wa mtaa wakiwafuata. Walipita duara kwa duara. Muuza viatu aliukubali wake. Fundi saa alitaka usogezwe kidogo, ukasogezwa. Shangazi alisema wake upandwe hata leo, miguu yake imechoka kungoja. Wakafika kwa Brashi.

Mkewe alisimama. Akatazama ardhi iliyosafishwa. Akamtazama mumewe, mara moja tu, kisha akatazama karatasi yake. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ileile aliyoitumia kwa muuza viatu.

"Fundi mabango. Duara la hapa limefutwa. Mti huu umeukataa?"

Hapo ndipo Brashi alipofahamu. Sheria ambayo Shangazi alitaka kumwambia ilimjia yote kwa mpigo mmoja kutoka kwenye nyuso za watu: Kinyozi aliyenyoosha shingo, fundi saa aliyekunja uso kwa huruma. Kusema "sikujua" kungeleta "kwa nini ulifuta", na "kwa nini ulifuta" lilikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa limesimama pale limevaa shati lililonyooshwa.

Na ni Mlingoti huyohuyo aliyefungua mdomo.

"Labda ni bahati mbaya," alisema kwa upole. "Fundi huosha brashi zake hapa. Maji yakimwagika, chokaa haisimami. Mimi naona tulichore tena tu."

Ulikuwa mlango wazi. Mtu mwingine yeyote angeupita na kushukuru. Hata mkewe aliinua kichwa, na kwa kitambo kidogo macho yake yalimwambia Brashi: pita. Lakini aliyeushika mlango ule ni nani? Brashi aliona bora aungue na jua siku zote za maisha yake kuliko kukaa chini ya kivuli alichoombewa na Mlingoti.

"Hakuna maji yaliyomwagika," alisema. "Nimefuta mwenyewe. Kwa mkono huu."

"Umeukataa, basi," alisema mkewe.

"Nimeukataa."

"Nipeni mimi!" Kinyozi alipaza sauti kabla neno halijakauka. "Mnihamishie ng'ambo! Wateja wangu wananyolewa vichwa wakiwa wameshachomwa na jua, huwa sijui nikate nywele au nipake mafuta!"

Watu walicheka. Mkewe aliandika. Kisha akavuka barabara, watu wakavuka naye, akapiga hatua mbele ya kinyozi, akaweka alama kwa kisigino. "Shina hapa," alisema. Mlingoti akaanza kufungua kamba begani.

"Mimi nitasimama," alisema Brashi.

Hata yeye mwenyewe hakujua maneno yale yametoka wapi. Alikuwa ameshavuka barabara. Alikuwa ameshasimama juu ya alama, mikono imening'inia, mwanamume mzima, tena msanii.

"Lo! Mti umeota wenyewe!" alisema Kinyozi.

"Mfupi, lakini labda utarefuka," akaongeza fundi saa.

Mlingoti alimkabidhi mke wa Brashi kamba, akajitenga. Mkewe akaja karibu, akakipitisha kitanzi kichwani mwa mumewe, akakishusha kiunoni, akakaza. Alikaza sana. Na hapo, kichwa chake kikiwa karibu na sikio la Brashi, aliongea kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia.

"Ule mti nilikupigania. Niliuchagua mkungu kwa sababu hutanda upana, ukufunike wewe na mbao zako. Huyu Mpimaji alikuwa haukubali. Anasema kuna bomba karibu, mizizi italifuata. Nimebishana naye wiki nzima ofisini, mpaka nikaleta michoro ya bomba nikamwonyesha. Jana ndiyo alisalimu amri. Amesimama mlangoni pako akasema, 'Haya dada, umeshinda, nipande basi mimi mwenyewe hapahapa, nisikusikie tena.' Ndicho nilichocheka."

Brashi alifungua mdomo.

"Usiseme kitu," alisema mkewe. "Mti hausemi."

Akashika ncha ya kamba na kopo la chokaa, akarudi nyuma mpaka kamba ikanyooka, akaanza kumzunguka. Brashi alisimama. Kila alipopita mbele yake alitafuta macho yake, lakini mkewe alikuwa akitazama mstari. Ng'ambo ya pili ya barabara aliona duka lake kama linavyoonwa na wengine: mlango mdogo, mbao zimeegemea ukuta, na jua limelala juu yake lote, hakuna hata kipande cha kivuli. Pale ardhini maji yalikuwa yameshakauka. Yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema; hawakusema kwamba mmwagaji atasimamishwa apate kutazama vizuri.

"Duara limekutana," alisema mkewe. Akamfungua kitanzi. Kisha, kwa sauti ya kazini ambayo kila mtu aliisikia, alieleza: "Huu ukikua, jioni jua likishuka, kivuli chake kitavuka barabara. Saa kumi na moja na ushei kitafika kwenye mlango wa fundi."

"Na saa tisa?" Brashi aliuliza.

"Saa tisa kitakuwa cha Kinyozi."

*

Siku mbili baadaye Kinyozi alivuka barabara amebeba ubao wake ule mpya.

"Fundi, maneno yako matamu, siyagusi. Ila hapa juu pana nafasi. Niongezee: Kinyozi wa Kivulini."

"Kivuli kiko wapi? Hata mche hawajaleta."

"Kinakuja. Si umekisimamia mwenyewe?"

Brashi aliuchukua. Kazi ni kazi. Aliuweka mlangoni, akafumba jicho moja, akaandika K, akaandika i, na jua likamfuata kila herufi. Alipofika kwenye v ya Kivulini, rangi ya K ilikuwa imeshaanza kutoa malengelenge. Aliikwangua akaanza upya. Mara ya tatu ilibidi aubebe ubao mpaka ndani, kwenye giza la rangi na tapentaini, akaumalizia huko amepiga magoti. Yalitoka maandishi mazuri kuliko yote aliyopata kuandika. Hilo lilimuuma zaidi.

Alipotoka nje kunyoosha mgongo aliwaona mkewe na Mlingoti mwisho wa mtaa, kwenye jalala litakalokuwa kiwanja. Walikuwa na utepe wa kupimia kati yao, mmoja ameshika huku na mwingine kule, wakipiga kelele za tarakimu. Hapakuwa na kicheko. Brashi alingoja kidogo, kwa usalama, kisha akarudi ndani.

Jioni ile ramani ilitandazwa tena mezani, safari hii ile ya mwisho, ya kupelekwa kwa wakubwa. Mkewe alikuwa jikoni akiosha vyombo. Tangu siku ya kitanzi walikuwa wakizungumza kwa adabu, kama wageni waliokutana kwenye chumba cha kungojea daktari. Brashi alijifanya anapita tu. Aliinama.

Benchi la kiwanjani lilikuwa na yule wa kike peke yake. Yule mrefu alikuwa ameondolewa. Mbele ya kinyozi palikuwa na duara kubwa la mkungu, limepakwa kijani. Na upande wa pili wa barabara, mbele ya mlango mmoja usio na kijani chochote, alikuwepo mtu mpya, mdogo kama njiti. Mfupi. Ana kitu chembamba mkononi.

"Huyu mfupi aliyesimama juani ni nani?" Brashi aliuliza.

Jikoni mkewe aliweka sahani chini.

"Mtu wa kupimia tu, bwana," alisema mkewe, na ghafla akacheka.

Brashi alisimama na ramani mkononi, akakisikiliza kicheko kile mpaka mwisho, akikipima na kile cha barabarani. Kilikuwa kifupi kidogo.